Sikio la Kuume: Hereni, Upande na Historia ya Dhana Potofu

Utangulizi

Miongoni mwa imani ambazo vijana wa miji yetu wamezipokea kutoka ng'ambo bila kuuliza asili yake, kuna moja inayohusu sikio. Yasemwa kwamba mwanamume akivaa hereni katika sikio la kushoto hana neno, ni mtu wa mitindo tu. Lakini akiivaa katika sikio la kulia, basi amejitangaza kuwa ni mpenzi wa wanaume wenzake. Wengine hugeuza upande, wakadai kwamba sikio la hatari ni la kushoto. Wengine tena huihamisha kanuni hiyo hiyo kutoka sikioni hadi mguuni, wakachunguza kikuku cha mwanamke kiko mguu gani kabla ya kumpa salamu.

Makala haya yanaichukua dhana hiyo kama mwanahistoria achukuavyo hati yoyote. Tunauliza ilizaliwa wapi, lini, kwa haja gani, na ilibadilika vipi ilipokuwa ikisafiri. Tutajaribu kuonyesha kwamba umri wake ni takriban nusu karne tu. Kwamba ilitokana na lugha ya siri ya kikundi kidogo cha watu katika miji ya Marekani. Kwamba walioieneza hawakuwa wale walioitumia. Na kwamba inapingana na namna lugha zetu wenyewe zinavyougawa mwili katika kulia na kushoto. Suala hili lisichukuliwe kuwa la mzaha. Kuna watu waliofukuzwa shuleni na wengine waliotiwa gerezani kwa sababu mtu fulani aliamini kwamba anaweza kuusoma mwili wao kama asomavyo kitabu.

1. Msamiati wa mapambo

Kiswahili ni tajiri kwa majina ya mapambo. Sikioni kuna hereni, kipuli na jasi. Puani kuna kipini na hazama. Mkononi kuna bangili na kekee. Mguuni kuna kikuku, furungu na mtali. Tundu linalotobolewa katika ncha ya sikio lina jina lake, ndewe, na kitendo cha kulitoboa kina kitenzi chake, kutoga. Ndewe imeingia hata katika misemo: mtu aliyerudi mikono mitupu husemwa kwamba hakupata ndewe wala sikio.

Tukiyapitia majina hayo tunaona kwamba yanatofautisha mahali pa mwili, umbo la pambo, na wakati mwingine madini yaliyotumika. Hakuna hata moja linalotofautisha hereni ya kulia na hereni ya kushoto. Hoja ya kimya haitoshi peke yake kuthibitisha jambo. Hata hivyo, lugha huwa na tabia ya kuunda majina pale ambapo jamii inaona tofauti yenye maana, na katika jambo hili Kiswahili hakikuona tofauti yoyote ya kutaja.

2. Sikio katika historia ya kale

Wanaume wametoga masikio tangu zama ambazo hazina maandishi. Mwaka 1991 maiti ya mwanamume iliyohifadhiwa na barafu ilipatikana katika milima ya Alpi, mpakani mwa Austria na Italia. Mtu huyo, ambaye amepewa jina la Ötzi, aliishi zaidi ya miaka 5000 iliyopita, na ndewe zake zilikuwa zimetanuliwa. Barakoa ya dhahabu ya Tutankhamun, mfalme wa Misri wa karne ya 14 kabla ya Kristo, ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922, ina matundu katika masikio yote mawili. Wafalme wa Ashuru walijichongesha katika kuta za majumba yao wakiwa na ndevu ndefu, silaha na hereni kubwa, na hakuna adui aliyewadhania kuwa wapungufu wa uanaume.

Biblia, ambayo wasomaji wetu wengi wanaifahamu, inatoa ushahidi wa namna tatu. Kwanza, katika Kutoka sura ya 32, Haruni anapotaka dhahabu ya kutengenezea ndama, anaagiza hereni za wake, za wana na za binti. Maana yake ni kwamba wavulana walizivaa kama dada zao. Pili, katika Kutoka sura ya 21, mtumwa wa Kiebrania anayekataa uhuru hutobolewa sikio mlangoni. Marabi wa Talmudi walijadili ni sikio lipi, wakaamua kuwa ni la kuume. Tatu, katika Mambo ya Walawi sura ya 8, Haruni na wanawe wanapowekwa wakfu kuwa makuhani, Musa huwapaka damu ya kondoo katika ncha ya sikio la kuume. Basi katika mapokeo ya taifa moja tu, sikio hilo hilo la kulia lilikuwa mahali pa alama ya utumwa na pia mahali pa alama ya ukuhani. Wala moja kati ya alama hizo haikuhusu mtu anampenda nani.

Kwa Warumi, tundu la sikio la mwanamume lilikuwa na maana nyingine tena: lilimtambulisha mgeni. Mtunzi wa michezo Plautus, katika mchezo wake uitwao Poenulus, aliwachekesha watazamaji kwa mzaha juu ya pete zilizo masikioni mwa watu wa Karthago, yaani Waafrika wa kaskazini. Karne kadhaa baadaye Juvenal, katika shairi lake la kwanza la dhihaka, alimweka mbele ya wasomaji tajiri mmoja aliyekuwa mtumwa, mzaliwa wa kando ya mto Frati, ambaye matundu ya masikio yake yanaifichua asili yake. Kile ambacho Mrumi alikisoma sikioni ni nchi ya mtu na tabaka lake. Hapa tunaanza kuona jambo litakalorudi mara nyingi: anayesoma ishara huona kile anachokiogopa au anachokidharau katika jamii yake.

3. Wafalme wa Ulaya na lulu zao

Ulaya ya karne ya 16 na ya 17 ilirudisha hereni kwa wanaume wa ngazi za juu. Mfalme Henri wa Tatu wa Ufaransa, aliyetawala kuanzia 1574 hadi 1589, alipenda kuvaa hereni, nao vijana wa karibu yake walimwiga. Wapinzani wake waliandika vijitabu vingi vya kumkashifu, wakimwita mwanamke na kudai kwamba anafanya mapenzi na wanaume. Lakini msomaji wa vijitabu hivyo asisahau wakati vilipoandikwa. Ufaransa ilikuwa katika vita vya dini. Mfalme hakuwa na mtoto wa kumrithi. Na makundi yaliyotaka kumng'oa yalihitaji silaha za maneno. Hereni ilikuwa moja ya silaha hizo. Hata hivyo, kashfa ilimhusu mtu na anasa zake kwa jumla, upande wa sikio haukuwa hoja.

Katika Uingereza mambo yalikuwa tulivu zaidi. Picha ijulikanayo kwa jina la Chandos, ambayo wengi huamini kuwa ni ya Shakespeare, inaonyesha pete ndogo ya dhahabu katika sikio la kushoto. Walter Raleigh, mpiganaji na msafiri wa baharini, alichorwa mwaka 1588 akiwa amevaa lulu. Mfalme Charles wa Kwanza alivaa lulu katika sikio la kushoto kwa miaka mingi, na alikuwa nayo siku aliyokatwa kichwa, tarehe 30 Januari 1649.

Wanachuo wa historia wanapaswa kuwa na tahadhari hapa. Picha nyingi za zama hizo humwonyesha mtu akiwa amegeuza uso kidogo, na kwa hiyo sikio moja tu ndilo linaloonekana. Anayesema kwamba wanaume wa siku hizo walivaa upande fulani tu, mara nyingi anasema kuhusu pembe aliyokaa mchoraji. Ndiyo maana picha ya Charles iliyochorwa na Van Dyck kati ya 1635 na 1636 ina thamani ya pekee: inamwonyesha mfalme kwa pande tatu, kwa sababu ilikusudiwa kupelekwa Roma ili Bernini achonge sanamu yake bila kumwona. Ushahidi wa namna hiyo ni haba.

Isitoshe, kulia na kushoto hukanganyika kwa urahisi. Sikio la kushoto la mtu aliyekuelekea liko upande wako wa kulia. Picha za zamani zilizopigwa juu ya bati ziligeuza pande kama kioo kigeuzavyo. Kwa sababu hiyo watu wengi wa Marekani waliamini kwa miongo kadhaa kwamba mhalifu mashuhuri Billy the Kid alitumia mkono wa kushoto, kumbe picha yake moja iliyojulikana ilikuwa imegeuka. Ikiwa macho ya watu yanaweza kupotea hivyo juu ya bastola, yatapotea mara ngapi juu ya hereni?

4. Chimbuko la dhana: Marekani, miaka ya 1970

Kufikia mwanzo wa karne ya 20, wanaume wengi wa tabaka la kati katika Ulaya na Marekani walikuwa wameacha hereni, wakawaachia mabaharia na watu wengine waliohesabiwa kuwa nje ya adabu ya kawaida. Katika miaka ya 1960 vijana walioasi desturi za wazazi wao wakaanza kuirudisha, pamoja na nywele ndefu na shanga. Huo ulikuwa mtindo wa jumla, wala haukuwa na siri.

Siri ilitoka kwingine. Wakati huo mapenzi ya jinsia moja yalikuwa kosa la jinai karibu katika majimbo yote ya Marekani. Illinois lilikuwa jimbo la kwanza kuifuta sheria hiyo, mwaka 1961. Majimbo ya mwisho yalilazimishwa kuiacha na Mahakama Kuu mwaka 2003. Polisi walivamia vilabu, na mtu aliyekamatwa aliweza kupoteza kazi na nyumba. Uvamizi wa klabu ya Stonewall mjini New York, usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969, ulizusha maandamano yanayokumbukwa hadi leo. Watu waliolazimika kuishi hivyo waliunda ishara za kutambuana. Katika baadhi ya vilabu vya San Francisco na New York katika miaka ya 1970, wanaume walitia kitambaa cha rangi katika mfuko wa nyuma wa suruali, au walining'iniza funguo kiunoni. Upande wa kushoto na upande wa kulia ulionyesha nafasi ambayo mtu aliipendelea katika tendo la ndoa.

Mwaka 1977 mpiga picha Hal Fischer wa San Francisco alichapisha kitabu cha picha na maelezo juu ya ishara hizo, na hereni ni mojawapo ya zile alizozieleza. Jambo la kuzingatia ni kwamba upande, katika mfumo huo, ulikuwa na maana kati ya watu ambao tayari walikuwa wamekwisha kutambuana. Kulia na kushoto vilitofautisha wapenzi wa jinsia moja wao kwa wao. Havikuwatenganisha na watu wengine. Mwenye kitambaa upande wa kushoto alikuwa mpenzi wa wanaume sawasawa na mwenye kitambaa upande wa kulia. Na hereni ilikuwa dhaifu kuliko ishara zote, kwa sababu wanaume wasiohusika walikuwa wakiivaa pia.

Watu wa nje waliposikia habari za mfumo huo, waliusikia nusu. Walijua kwamba pande zina maana, lakini hawakujua ni maana gani. Wakaijaza nafasi hiyo kwa swali lililowasumbua wao: nani ni wa kwetu na nani si wa kwetu? Hivyo ishara ya nafasi ikawa ishara ya tabia. Kwa maneno mengine, dhana tunayoijadili ni tafsiri mbaya iliyofanywa na watu ambao lugha hiyo haikuwa yao.

5. Jinsi dhana ilivyosafiri

Katika miaka ya 1980 wanaume wengi wasiokuwa na uhusiano wowote na vilabu hivyo walitaka kuvaa hereni. Michael Jordan alivaa yake katika sikio la kushoto. Mtangazaji wa televisheni Ed Bradley alitoga sikio mwaka 1986, naye alikuwa mtu wa makamo mwenye heshima kubwa katika kazi yake. Wakati huo huo ugonjwa wa UKIMWI, ambao wagonjwa wa kwanza waliripotiwa Marekani mwaka 1981, ulikuwa umeongeza hofu ya kudhaniwa. Mvulana aliyetaka kuvaa hereni alihitaji kanuni ya kumlinda, na kanuni ikapatikana: kushoto ni salama, kulia si salama.

Kanuni hiyo ilienea kwa msaada wa mchezo wa maneno. Katika Kiingereza neno moja lamaanisha upande wa kulia na pia jambo lililo sahihi, na hivyo watoto wa shule waliweza kusema kwa kifupi kwamba kushoto ndiko sahihi na kulia ndiko kosa. Mzaha huo hautafsiriki kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa hupungua ladha. Hata hivyo imani ilivuka bahari bila mzaha uliyoibeba, kama mzigo uliopokelewa bandarini bila hati zake. Hapo ndipo ilipopata uhuru wa kugeuka: katika miji mingine ikawa sikio la kushoto ndilo linaloshutumiwa.

Mtu asidhani kwamba ndani ya Marekani yenyewe kanuni hiyo ilikuwa moja. Mjini Chicago, katika miaka hiyo hiyo ya 1980, magenge ya vijana yalikuwa yamejigawa katika miungano miwili mikubwa. Mmoja ulijitambulisha kwa upande wa kushoto, na mwingine kwa upande wa kulia: kofia iliinamishwa upande huo na pambo lilivaliwa upande huo. Shule moja karibu na jiji hilo ilikataza wavulana kuvaa hereni kwa sababu ya magenge. Mwanafunzi mmoja alifikisha jambo hilo mahakamani, akieleza kwamba anaivaa ili kuonyesha nafsi yake na kuwapendeza wasichana; na mwaka 1987 mahakama ya shirikisho ya Illinois iliamua kwamba shule ilikuwa na haki ya kukataza. Tutafakari kisa hicho. Hereni moja, katika sikio moja, mwaka mmoja na eneo moja: mwalimu aliona genge, mtaa uliona jambo jingine, na mwenyewe alikuwa akitafuta mchumba.

Kuna hoja nyingine ya mantiki ambayo mara nyingi husahauliwa. Ishara ya siri hufaa kwa muda ambao ni siri. Ikishajulikana na kila mwanafunzi wa shule ya msingi, wale waliohitaji kujificha ndio wa kwanza kuiacha. Kwa hiyo kadiri dhana ya sikio ilivyoenea, ndivyo ilivyopoteza hata ule ukweli mdogo iliyokuwa nao mwanzoni.

6. Kuume na kuke katika lugha zetu

Turudi sasa nyumbani. Mwaka 1909 mwanazuoni wa Kifaransa Robert Hertz aliandika insha mashuhuri kuhusu ukuu wa mkono wa kulia, akionyesha kwamba jamii nyingi huupa upande huo nguvu, usafi na uanaume, na huupa upande wa kushoto udhaifu na mashaka. Lugha za Ulaya zinashuhudia hilo: neno la Kilatini la kushoto lilikuja kumaanisha pia nuksi, na neno la Kifaransa la kushoto humaanisha pia mtu asiye na ustadi.

Lugha zetu zinasema wazi zaidi. Kiswahili kina njia mbili za kuutaja mkono mkuu. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Mkono wa kuume umejengwa juu ya shina -ume, lile lile lililomo katika mume na mwanamume. Na Kiswahili cha zamani kiliweka kando yake mkono wa kuke, yaani wa kushoto. Katika Lingala, mkono wa kulia ni loboko ya mobali, mkono wa mwanamume, na wa kushoto ni loboko ya mwasi, mkono wa mwanamke. Katika Kikongo, upande wa kulia ni lubakala, kutoka bakala, mwanamume. Na wa kushoto ni lunkento, kutoka nkento, mwanamke.

Basi kijana wa Kinshasa anayemcheka mwenzake kwa hereni iliyo upande wa mobali, akidai kwamba upande huo unaondoa uanaume, anacheka kinyume cha lugha anayoichekea. Dhana aliyoikopa inasema jambo moja na ulimi wake unasema jingine. Tusifanye haraka, hata hivyo, kuigeuza kanuni na kusema kwamba sasa sikio la kushoto ndilo la kushukiwa. Mgawanyo wa kuume na kuke ulihusu mambo ya kula, kusalimu, kulala na kuzika. Haukuwahi kuwa kipimo cha mapenzi ya mtu.

7. Pambo lililohama kutoka mkono wa mwanamke

Historia ya Kongo ina mfano unaofaa kuwekwa mbele ya wanachuo, nao ni bangili ya kifalme ya Walunda iitwayo rukan au lukano. Kwa mujibu wa simulizi, binti mfalme Ruwej aliachiwa bangili hiyo na baba yake, na kaka zake Kinguri na Chinyama wakanyimwa. Baadaye akampokea mwindaji kutoka Uluba, Chibinda Ilunga, akawa mume wake, naye Ruwej akamvalisha rukan. Kaka zake wakaondoka kwa hasira, na kutoka hapo zikaanza hadithi za uhamaji hadi Angola. Mwant Yav, mwenye makao yake Musumba, ndiye mrithi wa bangili hiyo.

Simulizi hii imejadiliwa sana na wanahistoria, na wengi huichukua kama mfano wa fikra za kisiasa kuliko kumbukumbu ya siku moja. Kwa makala haya linatutosha jambo moja. Pambo lilitoka katika mkono wa mwanamke likaingia katika mkono wa mwanamume, na hakuna msimulizi anayeuliza kama uanaume wa mwindaji ulipungua. Swali lililowaka lilikuwa la utawala: nani sasa ana haki ya kuamuru? Hata makaburi ya kale ya Sanga, kandokando ya ziwa Kisale, yaliyochimbwa kuanzia 1957, yalitoa mapambo mengi ya shaba, na watafiti wameyasoma kama ushahidi wa mali, cheo na biashara.

Kikuku cha mguuni kimepata bahati mbaya kuliko bangili. Majina ya zamani, furungu na mtali, yanatukumbusha kwamba pambo hilo lilivaliwa na wanawake wa heshima wa pwani. Leo, katika miji ya Tanzania na Kenya, husemwa kwamba kikuku cha mguu mmoja ni tangazo la umalaya au la mapenzi ya jinsia moja, na wasemaji hawakubaliani ni mguu upi. Hata neno shoga lina safari kama hiyo. Wanawake wa pwani waliitana shoga kwa maana ya rafiki mpenzi, na bado wako wanaoitana hivyo; matumizi mengine yamelifanya tusi kwa mwanamume. Maneno na mapambo huhama, na anayeyasoma bila kuuliza tarehe na mahali husoma vibaya.

8. Ishara inapokuwa hukumu

Wazee wetu wanakumbuka jinsi dola inavyoweza kuipa nguo maana kwa amri. Chini ya siasa ya uhalisi ya Mobutu, tangu mwaka 1972, tai ya shingoni ilipigwa marufuku na abakosti ikachukua nafasi ya suti. Wanawake nao walikatazwa suruali. Mwanamume mwenye tai alishukiwa kuwa adui wa mapinduzi. Tarehe 24 Aprili 1990 marufuku iliondolewa, na kitambaa kile kile kikawa tena kitambaa tu. Hakuna kilichobadilika katika tai yenyewe wala katika shingo zilizoivaa.

Katika suala la mapenzi ya jinsia moja hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kinachotafutwa hakionekani, na hivyo macho hutafuta mbadala wake. Mwezi wa Novemba 2011 mahakama mjini Yaoundé, Kamerun, iliwahukumu vijana wawili kifungo cha miaka mitano. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa dhidi yao yalikuwa mavazi yao ya kike na aina ya pombe waliyokunywa. Mahakama ya rufaa iliwaachilia mwezi wa Januari 2013, lakini walikuwa wamekwisha kukaa gerezani. Mwezi wa Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wampelekee majina ya watu wanaodhaniwa kuwa mashoga. Serikali ya Tanzania ilijitenga na kauli hiyo siku chache baadaye. Jirani anapoombwa ataje jina, atatumia ushahidi gani? Atatumia alichokiona: mwendo, sauti, nguo, hereni.

Msomaji anaweza kuwa na msimamo wowote wa dini au wa maadili juu ya mapenzi ya jinsia moja, na makala haya hayakuandikwa ili kumbadilisha. Lakini msimamo wowote ule hauwezi kuhalalisha ushahidi wa uongo. Aliyefungwa kwa sababu ya kinywaji alichokunywa ameonewa mbele ya sheria ya nchi yoyote.

Hitimisho

Tumeona kwamba sikio la kulia limekuwa sikio la kuhani, la mtumwa, la mwanachama wa genge na la kijana apendaye mtindo. Maana yake ya kingono ilikuwa ya kikundi kidogo, kwa muda mfupi, katika vilabu vya miji michache; na hata humo haikuwa ile ambayo mitaa yetu inaidhania. Kilichosafiri hadi kwetu ni shaka ya watu wa nje, ikivaa vazi la elimu.

Kwa watafiti wa Kiswahili kazi haijaisha. Majina ya mapambo katika lahaja za Kongo, kutoka Lubumbashi hadi Bukavu na Kisangani, yanahitaji kukusanywa pamoja na desturi zake: nani alivaa nini, katika umri gani, siku gani, na kwa nini aliacha. Wanachuo watakaokwenda kwa bibi na babu zao wakiwa na maswali hayo watapata mengi ambayo bado hayamo katika kamusi. Na walimu watakaomwona mwanafunzi mwenye hereni wana jambo moja la kufanya kabla ya kumhukumu, nalo ni kumwuliza mwenyewe kwa nini ameivaa, na kumsikiliza ajibupo.